Risala Niliyomwandikia Atupele

Diwani wa kata yetu, Mheshimiwa Yonathani, ana kipaji kimoja tu: kukata utepe. Nimemshuhudia akikata utepe wa karavati lisilozidi urefu wa kitanda. Nimemshuhudia akizindua choo cha soko ambacho mlango wake ulikuwa bado haujanunuliwa, na baada ya makofi akapigwa picha amesimama palepale mlango ulipotakiwa kuwa. Watu husema namchukia. Simchukii hata kidogo. Chuki ni kazi, na mimi siwezi kumfanyia mtu kama yule kazi ya bure. Namdharau, basi, na dharau hiyo nairekodi kila Ijumaa asubuhi na kuirusha mtandaoni.

Naitwa Hezron. Podikasti yangu inaitwa Bila Bahasha, na naitengenezea hapahapa Tunduma, mtaa wa Sogea, katika chumba ambacho zamani mke wangu Getruda alihifadhia mahindi. Ukutani nimebandika trei za mayai na godoro kuukuu ili honi za malori zisiingie, ingawa huingia. Kabla ya hapo nilikaa redioni miaka tisa, nikisoma habari zilizofika mezani zikiwa zimeandamana na bahasha ya nauli. Semina ya nusu siku, bahasha. Ziara ya kiongozi, bahasha na soda. Siku moja nilisoma kwa sauti tamu habari ya visima kumi na viwili vilivyokamilika, na asubuhi ileile nilikuwa nimepita huko na kuviona vitatu, kimoja kikiwa kimekauka. Nikamaliza kusoma, nikamtakia msikilizaji siku njema, nikatoka na sikurudi.

Wasikilizaji wangu wengi ni madereva wa malori. Dereva ambaye yuko siku ya tatu kwenye foleni, Zambia anaiona kwa macho lakini kuifikia hawezi, hana la kufanya ila kumsikiliza mtu mwenye hasira kumzidi yeye. Wananisikiliza huko Mpemba na Chapwa, na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ambako wananiita Ba Hezron kwa adabu ambayo sijawahi kuipata kwa ndugu zangu. Kila kiongozi mgeni akifika huletwa kuitazama ile foleni. Hushuka kwenye gari, hunyoosha kidole kuelekea mpakani, huagiza iishe ndani ya siku saba, kisha hupanda gari na kuondoka kwa upande usio na foleni. Sina haja ya kutunga kitu. Nikikaa kitako na kusubiri, upumbavu huja wenyewe mpaka mlangoni.

Ila zipo wiki ambazo hata Yonathani hafanyi ujinga mpya. Wiki hizo nilizungumzia ubaba.

Akina baba wa mji huu wananitia kinyaa kuliko madiwani. Mwulize baba wa Tunduma kwacha ya Zambia imeamkaje leo, atakujibu bila kutazama simu. Mwulize mtoto wake yuko darasa la ngapi, atamwita mke wake aje ajibu. Mimi sikuwa hivyo, na nilitaka ijulikane kwamba sikuwa hivyo. Kwa hiyo nilisimulia hewani habari za binti yangu Atupele, mtoto wangu wa pekee: alama zake za Baiolojia, ugomvi wake na rafiki yake, alivyolia siku paka wetu alipogongwa na lori. Wasikilizaji walimpenda. Dereva mmoja alimletea madaftari kutoka Ndola.

Kipindi cha kumi na nne ndicho kilichonipa umaarufu. Atupele alikuwa kidato cha pili, na siku hiyo mama yake alikuwa amevuka kwenda Nakonde kufuata vitenge. Nilimkuta mtoto amejifungia chooni, hataki kutoka wala kusema. Nikaelewa. Nilikwenda dukani mwenyewe, nikanunua pedi, nikampitishia chini ya mlango, nikamwambia asiogope, kila mwanamke hupita hapo. Nilifanya vizuri, mpaka leo nasema nilifanya vizuri. Kisha nikaingia chumbani kwangu, nikawasha maiki, nikawasimulia watu elfu thelathini na moja, kwa jina lake, kwa mtaa wetu na kwa chapa ya pedi. Wiki ileile duka moja la vilainishi vya magari likaanza kunidhamini.

Dada yangu Tumpale, anayelima kahawa huko Mbozi, alinipigia simu akiwa na hasira hata salamu akaisahau. Kwetu jambo lile ni la shangazi. Shangazi ndiye huja, hukaa na mtoto, humwambia anachomwambia, na kazi ya baba ni kujifanya hajui. Tumpale alisema nimempokonya kazi yake na kuipeleka sokoni. Nilicheka. Kipindi cha kumi na tano nilikifanya juu ya mashangazi na ushamba wao, nikaiga na sauti yake.

Basi, mwaka huu Atupele akafika kidato cha nne. Jumatano moja ya Oktoba alirudi kutoka shuleni akasema amechaguliwa kusoma risala kwenye mahafali ya Jumamosi. Aliisema akiwa amenipa mgongo, anamenya viazi, lakini mama yake aliacha kukunja vitenge akaja kumkumbatia, na wakakaa hivyo kitambo. Sikuona kwa nini jambo dogo vile likumbatiwe. Niliuliza mgeni rasmi ni nani. Nikaambiwa ni Mheshimiwa Yonathani.

Risala ni ugonjwa wa nchi hii. Hatuwezi kumwambia kiongozi kwamba paa linavuja mpaka kwanza tumshukuru kwa kukubali kuja licha ya majukumu yake mazito, tumshukuru aliyemzaa, tuishukuru na mvua. Ukurasa wa nne ndipo tunapopata ujasiri wa kusema kwamba pamoja na mafanikio hayo makubwa, zipo changamoto chache. Na wala hazisikii kwa mara ya kwanza. Risala hupelekwa ofisini kwake siku kadhaa kabla, ili aje na majibu mfukoni na kuyatoa kana kwamba roho imemshukia palepale. Tena hujibu kilichosomwa tu. Kisichosomwa hakijaombwa. Ukuta wa darasa ungeanguka mbele yake, kama haumo kwenye risala angekula pilau, akafuta mikono na kuondoka.

Niliomba niione. Zilikuwa kurasa tano zilizochapwa, kazi ya Madam Tabita, mwalimu wao wa malezi. Shukrani, pongezi, shukrani tena. Ombi lilikuwa moja, mwisho kabisa: chumba cha stara kwa wasichana, chenye maji na kichomea taka, kwa sababu wasichana wengi hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Shule ile ina maabara isiyo na paa tangu Atupele yuko kidato cha kwanza. Yonathani aliahidi mabati mbele yangu, tarehe ninayo, na hakuna bati hata moja lililofika. Mbele ya mtu kama huyo wao wanaomba maji ya kunawa. Nilichukua kalamu nyekundu nikazipiga mstari kurasa zote tano, na lile ombi nikalikata kwa mistari miwili. Pembeni yake nikaandika: mambo madogo.

Nikamwandikia risala nyingine. Ukurasa mmoja na nusu, bila shukrani hata moja. Ilianza na maabara, ikaendelea na maabara, ikamalizia na maabara, kila ahadi na tarehe yake. Ilikuwa nzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Getruda aliisoma akaniambia nimwache mtoto asome ya shule yake. Nilimjibu kwamba ya shule ni ya kujipendekeza, na sikumlea binti kwa miaka kumi na saba ili akajipendekeze kwa mkata utepe. Getruda hakubishana. Akirudi kwenye vitenge vyake baada ya kuambiwa neno, mtu mwenye akili angejua kuna kitu hajakisema, lakini mimi nilijua tu kwamba nimeshinda.

Atupele aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliuliza kama lile ombi la chumba linaweza kurudi, hata kwa mstari mmoja. Nilimweleza, kwa upole kabisa, kwamba ukimbana mtu kwa jambo moja usimpe la pili la kukimbilia. Atalikumbatia lile dogo, atatoa ndoo mbili, atapigiwa makofi, na maabara itabaki inanyeshewa. Nilimweleza kama dakika kumi. Hoja ilikuwa sahihi, na hata leo mtu akinipinga nitamshinda.

"Sawa, baba," alisema, akazikunja zile karatasi.

Alikuwa akinijibu hivyo kwa muda mrefu, na mimi nilichukulia kwamba sawa maana yake ni sawa.

Ijumaa asubuhi nikatangaza. Nilipokuwa nikirekodi niliona ni kipindi changu bora cha mwaka. Nilisema kesho binti yangu Atupele, yuleyule mliyemjua akiwa mdogo, atasimama mbele ya diwani na kumsomea risala ambayo haijawahi kusikika katika mkoa wa Songwe. Nikasoma vipande viwili ili watu waonje. Kufikia saa sita mchana simu yangu ilikuwa haitulii. Wachimbaji wa dhahabu kutoka Mkwajuni walisema watakuja na pikipiki kushuhudia. Atupele alirudi jioni macho yamevimba, akapita moja kwa moja chumbani kwake na kufunga mlango. Nikamwambia mama yake asimsumbue, mtoto anafanya mazoezi.

Jumamosi mgeni rasmi alialikwa saa tatu, akafika saa sita kasoro. Huo nao ni ustaarabu wetu: anayewahi si mkubwa. Tulikaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, wazazi wameshika mashada ya maua ya nailoni kana kwamba wanakwenda kumvisha ng'ombe wa maonyesho, na mshereheshaji anatutaka tucheze ili kupoteza muda ambao si sisi tuliouchelewesha. Skauti wakapiga gwaride. Yonathani akashuka na suti ya bluu, akawapungia watu ambao hawakuwa wamempungia. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, kinasa sauti kimewashwa. Atupele alikuwa kati ya wahitimu, upande wa wasichana.

Ulipofika wakati wa risala, aliyesimama alikuwa Luka, kaka mkuu. Akaanza: Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo. Ilikuwa ile ya Madam Tabita, neno kwa neno. Nilimtafuta Atupele kwa macho. Alikuwa ameinamia viatu vyake.

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Diwani kasikia kipindi, kampigia mkuu wa shule, mkuu wa shule katetemeka, mtoto kazibwa mdomo. Na nitasema ukweli wote: nilifurahi. Wamemziba mdomo binti wa mtangazaji mchana kweupe, mbele ya mamia ya watu. Luka akiwa bado yuko ukurasa wa pili, mimi nilishatunga nusu ya kipindi cha Ijumaa ijayo.

Alisoma mpaka mwisho, ombi la chumba likiwemo. Yonathani akapewa maiki.

"Nilisikia huko mtandaoni kwamba leo nitasomewa risala ya moto," alisema. "Nikamwambia mkuu wa shule, mwacheni binti asome, mimi nimezoea. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nikaambiwa binti mwenyewe ndiye aliyekataa."

Viongozi wetu wote huishi ndani ya methali hiyo. Sijui wangejificha wapi kama vyura wasingekuwepo. Lakini safari hii watu walicheka, na waliponigeukia sikuwa na uso wa kuwapa. Wale wachimbaji wa Mkwajuni nao walikuwa wakicheka. Yonathani akachomoa karatasi mfukoni, kama nilivyokwambia, akatoa majibu yake: mifuko arobaini ya simenti iko tayari kwenye gari, mabati yapo, fundi anaanza Jumatatu, chumba cha stara kikamilike kabla shule hazijafunguliwa Januari. Akasema ana mabinti watatu na jambo hili analielewa. Alilisema vibaya, kwa kujisifu, akirudiarudia neno mimi. Gari lenye simenti lilikuwa limeegeshwa nyuma yake na kila mtu aliliona.

Wasichana walisimama wote kwa pamoja wakapiga makofi. Atupele naye alisimama. Alikuwa anacheka, meno yote nje, ameshikana na mwenzake, na mimi baba yake nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho nilimwona akicheka hivyo nikashindwa.

Nilimfuata Madam Tabita kwenye foleni ya pilau. Ni mwanamke mfupi, wa sauti ya chini, na nilimpa yote niliyokuwa nimemwekea Yonathani. Nilimwuliza amemtisha nini mwanangu. Nilimwambia walimu wa namna yake ndio wanaozalisha taifa la wapiga makofi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia tusogee pembeni.

"Hakuna aliyemtisha," alisema. "Jana alikuja ofisini kwangu analia, akaniomba risala nimpe Luka. Ile aya ya chumba si yangu, baba Atupele. Ni yake. Aliiandika mwenyewe na kuirudia mara nne."

Akilini niliona kalamu yangu nyekundu na yale maneno niliyoandika pembeni. Akaendelea kwa sauti ileile, bila kuniumiza kwa makusudi, na ndiyo maana iliniumiza. Kidato cha pili Atupele alikuwa msemaji wa kwanza wa timu ya mdahalo. Baada ya kipindi changu cha kumi na nne wavulana walimpa jina, Kumi na Nne, na kila aliposimama kuzungumza kulikuwa na mmoja wa kuniigiza mimi kule nyuma: msikilizaji, binti yangu leo amekuwa mwanamke. Akajitoa kwenye mdahalo. Akaacha kusimama hata kujibu swali darasani. Miaka miwili. Mwaka huu, walipotafuta wa kusoma risala, alikuja mwenyewe akasema atasoma, kwa sharti kwamba ombi liwe lile.

"Halafu ukatangaza kwamba atasoma ya kwako," alisema Madam Tabita. "Angesoma ya shule, angekuaibisha wewe mbele ya mji mzima. Angesoma ya kwako, chumba kisingeombwa. Akaona bora akae."

Nilisema kwamba nilipaswa kuambiwa. Nilisema miaka miwili mtoto wangu anateseka na hakuna aliyenipa taarifa, shule gani hii. Alinitazama kama mtu anayesubiri nisikie mwenyewe nilichosema. Akaniuliza, bila ukali, ni nani angethubutu kuniambia kitu. Kisha akarudi kwenye foleni ya pilau, na nafasi yake alikuwa ameipoteza.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, kandokando ya malori. Dereva mmoja alichungulia dirishani akaniuliza, Ba Hezron, risala imekwendaje. Ilikuwa mara ya kwanza kumpita msikilizaji bila kumjibu.

Getruda na Atupele walikuwa wameshafika kwa bajaji. Walikuwa jikoni, mmoja anaosha vyombo, mwingine anachambua mchele. Nilimwuliza Getruda kama alijua. Alijua yote, tangu wiki ya kwanza. Alijua na mengine ambayo sikuyauliza. Mwezi wa Mei, nilipoambiwa mtoto amekwenda kwa shangazi yake Mbozi siku mbili, alikuwa amelazwa kwa malaria hospitalini, dakika kumi kutoka kwenye chumba changu cha kurekodia. Tumpale ndiye aliyekuja kumwuguza.

"Tukikuambia kitu, unakitoa hewani," alisema Getruda, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mtoto akikohoa Jumatatu, Ijumaa wanajua mpaka Lusaka."

Nilisimama mlangoni. Wazo la kwanza lililonijia, nalisema ingawa linanitia aibu, ni kwamba hiki kingekuwa kipindi kizuri sana: baba anaomba msamaha. Sentensi ya kufungulia nilikuwa tayari ninayo kichwani, na kituo cha kuvuta pumzi nilishakiweka.

Nikamwambia Atupele nisamehe. Lilitoka kwa sauti ya redioni, nzito, iliyopangwa vizuri, na sote watatu tuliisikia. Aliendelea kusuuza sahani. Baadaye akauliza kama naweza kukifuta kipindi cha kumi na nne.

Nilisema ndiyo. Kisha nikasema kwamba kuna suala la yule mdhamini, kwamba makubaliano yetu yanaisha Desemba, kwamba kile ndicho kinachosikilizwa kuliko vyote, kwamba si jambo la kukurupuka, nitaliangalia na kulifanyia kazi. Nililisema neno hilo, nitalifanyia kazi, mwenyewe, kwa mdomo wangu, jikoni kwangu. Nyani haoni kundule, lakini mimi nililiona wakati ule, nikalichukia. Hata Yonathani alikuwa ametaja siku: Jumatatu.

Nikatoa simu mfukoni, nikakitafuta, nikakifuta. Nilimgeuzia kioo aone. Nilidhani imekwisha, na nitakiri kwamba nilikuwa nasubiri kushukuriwa.

Atupele alijifuta mikono kwenye gauni, akaja akasimama begani kwangu.

"Cha tatu," alisema.

Sikumwelewa. Akasema tena, cha tatu, kisha cha saba, kisha cha tisa, kile cha paka. Hakuwa na karatasi. Alivijua vyote kwa kichwa, kwa mpangilio, na kila nilichokifuta alingoja kipotee kwenye kioo ndipo ataje kinachofuata. Cha kumi na tano, cha shangazi. Cha ishirini na sita mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kinahusu nini. Alinikumbusha kwamba ni siku aliyofeli Hesabu. Cha arobaini, barua aliyoandikiwa na mvulana. Cha hamsini na tatu, chunusi. Getruda aliweka ungo chini akavuta kigoda akakaa kusikiliza namba. Vilikuwa ishirini na nane nilipodhani tumemaliza.

"Na cha jana," alisema.

Nikakifuta na hicho. Atupele akarudi kwenye beseni lake la vyombo. Nilibaki nimeshika simu, nikaiteremsha orodha taratibu kwa kidole, kutoka juu mpaka chini, nikitafuta kilichobaki. Diwani, foleni, diwani, visima, diwani. Kazi yangu yote ya miaka miwili ilikuwa mle, na ndani yake hakuwepo mtu mwingine yeyote zaidi ya Yonathani na mimi.